Shamba Lisilo na Hasara

Bwana Abdulatifu wa tathmini hakukanyaga shamba. Alisimama juu ya kichuguu pembeni, viatu vyake vyeusi bado vinang'aa, akatazama mahindi yaliyofika magotini, akatazama kishikwambi chake, akatikisa kichwa.

"Hapa sioni hasara," akasema.

Mwanamina alidhani mgeni anatania. Alikuwa na jembe mkononi, tope limemganda mpaka viwikoni. Akamgeukia mumewe, Shaban, aliyesimama hatua tatu nyuma ameivua kofia na kuikunjakunja, kama wanavyosimama wanaume wa huku mbele ya mtu wa ofisi.

"Huioni vipi, bwana? Mpunga wetu wote umekwenda na maji. Heka mbili na nusu. Siku tatu kabla ya Idi, masuke yameshatoka."

"Huo mpunga uko wapi?"

"Si nakwambia umekwenda na maji!"

"Mama, mimi naandika ninachokiona. Ninachokiona ni mahindi. Tena mazuri, hongereni." Akayapiga picha, akasogea kidogo, akayapiga tena.

Haya, mweleze mtu wa namna hiyo mlau ni nini. Mwanamina alijaribu. Alimwambia kwamba watu wa bonde la Rufiji hawangoji tope likauke. Maji yakirudi nyuma hatua moja leo, leo hiyo hiyo mtu anaingia na kijiti na mbegu, anatoboa, anatia, anafukia kwa kidole cha mguu. Kesho maji yakirudi tena, anayafuata. Ukizembea wiki mbili tope limepasuka na mbegu haioti, na huo ndio mwaka wako umekwisha. Mbegu zenyewe Mwanamina alizifuata kwa wifi yake kule Umwe, akarudi nazo kichwani. Kupanda mlau ndicho kitu cha kwanza anachofanya mwenye akili zake baada ya mafuriko, kabla hata hajaanza kutafuta sufuria zake zilikoelea. Nani angekaa kumngoja ofisa? Kumbe hapo ndipo walipokosea. Walitakiwa wakae, wakunje mikono, waliangalie tope mpaka serikali ije nayo iliangalie.

"Nimekuelewa, mama," Abdulatifu akasema, na sauti yake haikuwa mbaya. "Lakini humu kuna sehemu tatu tu. Shamba limeharibika lote, limeharibika nusu, halijaharibika. Nikijaza limeharibika na picha inaonyesha mahindi, mimi ndiye nitakayemwaga unga."

"Wewe unao wa kumwaga. Sisi hatuna hata wa kukorogea uji."

Shaban akakohoa. "Mama Zaitun, basi."

"Basi nini? Basi nini, Baba Zaitun?"

Abdulatifu alikwishabonyeza. Akavuka mfereji kwa kurukia gogo, akaenda shamba la jirani, la Ally. Ally alikuwa na pikipiki ya kubeba abiria Dar es Salaam, na tangu maji yaingie hakurudi hata kutazama. Shamba lake lilikuwa tope tupu na magugu mawili matatu. Abdulatifu alisimama pale dakika moja. Shamba limeharibika lote. Ally aliingia kwenye orodha ya waathirika akiwa amekaa kijiweni Mbagala anakunywa chai.

Wiki iliyofuata wakaitwa kwenye mkutano, kwenye uwanja wa shule ambako nusu ya kitongoji walikuwa wanalala madarasani na wengine, akina Shaban miongoni mwao, kwenye mahema ya turubai. Alikuja mtaalamu wa maji, mama mmoja mpole mwenye miwani, na vijana wake wakabandika picha kubwa kwenye ubao. Alieleza habari za bwawa kule juu, kina chake, milango yake, na jinsi lilivyoyapokea maji ya mvua.

"Ndugu zangu, bila bwawa, mafuriko haya yangekuwa mara mbili. Bwawa limewaokoa."

Watu wakaguna. Mguno wa watu mia tatu waliolala chini miezi miwili si kitu cha kuchezea.

Ally, aliyekuwa amekuja juzi baada ya kusikia jina lake limo, akanyanyuka. "Mie nasema tusilaumu kila kitu. Umeme tunautaka, hatuutaki? Kila mtu hapa ana simu mfukoni."

"Tena unyamaze wewe!" Alikuwa Bi Tabu, mkulima wa mpunga, mwanamke wa miaka hamsini na ushee ambaye hakungoja kupewa nafasi. "Umeme wa nani? Kwangu kuna nguzo? Mtaalamu, nisikilize mie. Zamani maji yalibisha hodi. Yanakuja mekundu, yana mapovu, yanaanza kujaa kwenye vidimbwi vya nyuma. Leo unahamisha kuku, kesho vyungu, keshokutwa unapanda dunguni na wanao, mnakaa juu ya nguzo mnautazama mpunga unarefuka pamoja na maji. Safari hii saa nne asubuhi pakavu, saa tisa maji yako kwenye sakafu ya dungu. Meupe! Hayana hata tope la maana. Maji gani hayo?"

"Ndiyo maana," mtaalamu akasema, "upo mpango wa kujenga tuta kubwa kandokando ya mto, na nyie mhamie juu moja kwa moja. Mafuriko yasiwafikie tena kabisa."

"Na mpunga wetu utakunywa nini?" Bi Tabu akapiga mapaja yake. "Nani kakwambia hatutaki mafuriko? Tunayataka yetu, yale yenye adabu. Hatuyataki ya kwenu!"

Pakalipuka vigelegele na makofi. Mwanamina hakupiga makofi. Alikuwa ameikazia macho picha ya tatu ubaoni. Mahindi ya kijani, mistari imenyooka, na nyuma yake dungu lililoinama upande mmoja. Alilijua lile dungu. Alilifunga kamba yeye mwenyewe. Chini ya picha pameandikwa kwa herufi kubwa: WANANCHI WAREJEA SHAMBANI.

Alisimama.

"Mie nina maswali mawili. La kwanza, hilo shamba ni langu. Mwenzenu kaniandika sina hasara, jina langu halimo, mwanangu anashindia ming'oko ya porini. Leo mmenibandika hapo nionekane nimeshiba. Kwa idhini ya nani?"

Mtaalamu akageuka kuitazama picha, kama ndiyo kwanza anaiona.

"La pili. Siku mkitaka kufungua hiyo milango yenu, mnampigia nani simu?"

"Taarifa hupelekwa wilayani, mama. Kwa maandishi."

"Wilayani wanalima?"

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mtaalamu naye akatabasamu, akaandika kwenye daftari lake. "Swali zuri sana, mama. Tumelichukua." Na walilichukua kweli, maana halikuonekana tena.

Mkutano ulipovunjika, Mudathiri, mtendaji wa kijiji, alimvuta Shaban kando, nyuma ya tangi la maji la shule.

"Kaka, mkeo ana mdomo."

"Ana haki."

"Haki anayo, msaada hana. Sikiliza. Alhamisi yule bwana wa tathmini anarudi kwa wenye malalamiko. Siku moja tu, halafu orodha inafungwa. Asiyakute yale mahindi."

Shaban alimtazama. "Asiyakute, yaende wapi?"

"Mie sijasema kitu. Nimesema asiyakute."

"Msaada wenyewe ni nini?"

"Unga, maharage, mafuta ya kula. Miezi mitatu kwa kila kaya. Si uliwaona wale wa ng'ambo ya Utete mwezi uliopita? Walibeba mpaka baiskeli zikapinda." Mudathiri akamgonga bega. "Mfikirie mtoto, kaka. Mahindi ni majani tu."

Hapo kwenye hema lao, Bi Sijaona, mama yake Shaban, alikuwa anamenya ming'oko aliyoichimba porini tangu alfajiri. Vizizi vyembamba vyembamba, kumenya ni saa nzima na kula ni dakika tano. Zaitun, mwenye miaka saba, alikuwa anavila vikiwa vibichi kila bibi yake akigeuka. Shaban aliyamwaga yote aliyoambiwa. Hakuwa mtu wa kuficha jambo.

"Uyang'oe?" Mwanamina akauliza taratibu. "Mahindi yangu uyang'oe?"

"Yetu."

"Ulipanda wewe? Wiki tatu nilitembea nyuma ya maji kama bata. Wiki sita zijazo tunachoma mabichi, Baba Zaitun. Wiki sita!"

"Na wiki sita hizo tunakula nini?"

"Tunachokula leo."

"Mama anazirai akiinama. Mtoto tumbo limeanza kuvimba. Huoni?" Sauti yake ilipanda, kisha akaishusha kwa sababu hema ni turubai na majirani wana masikio. "Haya, tuseme tumevumilia. Wakifungua tena? Umeuliza mbele ya watu wote wanampigia nani simu. Umejibiwa nini? Usiku huu mtu anaweza kugeuza usukani wake huko, kesho hatuna mahindi wala jina kwenye orodha. Nguruwe ningemlinda, Mama Zaitun. Kiboko ningempigia debe. Huyu wa kufungua milango nampigia nini?"

Mwanamina alizidi kuudhika. Akamgeukia mkwewe. "Mama, mwambie mwanao."

Bi Sijaona aliendelea kumenya. Alikuwa amelima bonde lile tangu hajavunja ungo, na hajapata kusikia swali la namna ile. "Njaa nyingi nimeziona," akasema mwishowe. "Ya nzige. Ya mto kukauka. Hii ya kung'oa chakula ili upewe chakula, mie siijui. Siwezi kuwaamulia."

Alhamisi, baada ya sala ya alfajiri, Shaban hakuonekana hemani. Mwanamina alipoona jua linachomoza na kanzu ya mumewe imetundikwa, panga halipo, alijua alikokwenda. Alitimua mbio nusu saa nzima, kanga inamfunguka anaifunga huku anakimbia.

Alimkuta mstari wa kumi na nne. Alikuwa hayang'oi mahindi kwa hasira. Alikuwa analishika shina kwa chini, analizungusha, analitoa, analilaza upande, kama mtu anayeogopa kuliumiza. Alikuwa analia bila kujificha, mtu mzima mwenye mvi kidevuni.

"Shaban!" Hakuwa amemwita kwa jina tangu Zaitun azaliwe. "Shaban, acha! Laana hii!"

Akamrukia mkono. Wakavutana kwenye tope, akateleza, akaanguka, akainuka akampiga ngumi za mgongo. Shaban hakumrudishia. "Nipige," alisema. "Nipige unavyotaka, ila usinizuie. Nikiacha sasa sitaweza kuanza tena."

Mwanamina alikaa chini. Aliketi pale pale kwenye tope na kuitazama kazi yake inalazwa mstari kwa mstari, mpaka ule wa mwisho kando ya dungu. Kunde zilizopandwa katikati ya mahindi nazo ziling'olewa, ili Abdulatifu asikute kitu.

Abdulatifu alifika saa tano, juu ya kichuguu kile kile. Mahindi yalikuwa yamelala chini, majani yake hata hayajanyauka, mizizi ina tope bichi. Mtoto mdogo angejua. Na yeye alijua, maana alimtazama Shaban, akaitazama mikono yake iliyochubuka, akatazama pembeni. Akapiga picha.

"Sawa," akasema. "Sasa naona hasara. Kaya ina watu wangapi?"

"Wanne," Shaban akajibu.

Akabonyeza, akaenda zake.

Kwa wiki sita Mwanamina hakusema na mumewe. Akitaka kumwambia jambo alimtuma mtoto. Zaitun, mwambie baba yako kuni zimekwisha. Zaitun, mwambie baba yako bibi yako hajaamka vizuri. Shaban naye alichimba ming'oko mpaka kucha zikamtoka, na kila jioni aliileta na kuiweka mlangoni. Milango ya bwawa haikufunguliwa tena. Waliokaidi ushauri wa Mudathiri, Bi Tabu akiwa mmojawapo, walikuwa wanachoma mahindi mabichi, na moshi wake ulikuwa unaingia mpaka hemani. Bi Tabu alileta mahindi sita ya kuchoma, akayaacha kwa Bi Sijaona, akaondoka haraka kabla hajashukuriwa. Yalikwisha siku hiyo hiyo.

Lori la msaada lilifika Jumatatu, katikati ya mwezi wa saba. Kitongoji kizima kilisikia honi yake. Bi Sijaona hakungoja mtu. Aliazima sufuria kubwa, akateka maji, akawasha moto. "Nendeni upesi," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Idi alikuwa anacheka. "Mtakuta maji yamechemka."

Foleni ilikuwa ndefu. Walisimama pamoja, Shaban mbele, Mwanamina nyuma yake. Nyuma ya meza alikaa binti wa ofisini mwenye fulana mpya na kidau cha wino wa zambarau.

"Shaban, kaya ya watu wanne. Weka dole gumba hapa."

Shaban akaweka. Binti akamkabidhi mfuko wa karatasi, wa kilo mbili.

"Hiki nini?"

"Mbegu, baba. Mahindi ya muda mfupi, siku tisini tu."

Shaban aliugeuza mfuko, akautazama chini, kama vile kilichobaki huenda kipo upande wa pili. "Na unga?"

"Unga ulikuwa awamu ya dharura. Dharura ilifungwa mwezi wa sita. Hii ni awamu ya kurejesha uzalishaji."

Watu nyuma wakanyoosha shingo. Wote walijua habari ya lile shamba. Dole gumba la zambarau Shaban alikuwa bado amelishikilia hewani, hajui alifutie wapi.

Mwanamina akampita, akaweka viganja viwili juu ya meza.

"Tuzipande wapi hizi?"

"Bondeni, mama. Si mnalima bondeni?"

"Bondeni tope limepasuka, mkono mzima unaingia kwenye ufa. Mlau umekwisha."

"Basi mtangoja mvua."

"Novemba! Mpaka Novemba tunakula nini?"

"Mama, mie ni wa kugawa tu."

"Kila mmoja wenu ni wa kitu kimoja tu! Mmoja wa kupiga picha tu, mmoja wa kufungua maji tu, mmoja wa kugawa tu! Wa kujibu ni nani?" Mkono wake ulimwelekea Shaban bila yeye kugeuka. "Huyu mume wangu mnamwona? Wiki sita nimemnunia. Nimemlaza na njaa na kinyongo juu yake. Nimemkosea. Hakung'oa yeye yale mahindi. Mmeyang'oa nyie, kwa mkono wake, mkapiga na picha!"

Mudathiri alikuwa amesimama kando ya lori. Akaanza kuhesabu mifuko iliyokwishahesabiwa.

"Anayefuata," binti akasema kwa sauti ndogo.

Njiani Mwanamina aliuchukua mfuko kutoka mkononi mwa mumewe, akaubeba yeye. "Baba Zaitun," akasema. Shaban akaitikia kwa kichwa.

Maji yalikuwa yanatokota. Bi Sijaona alikuwa ameshika mwiko, kanga kajifunga kiunoni, anawatazama wakija bila unga, na kadiri walivyokaribia ndivyo mwiko ulivyoshuka. Mwanamina akamwonyesha mfuko. Mkwewe akauchana, akatia punje chache kiganjani. Zilikuwa za rangi ya waridi. Akazinusa.

"Zimetiwa dawa ya wadudu."

"Ndiyo, mama."

"Haziliki hizi."

"Haziliki."

Bi Sijaona akaketi, mfuko ukabaki wazi miguuni pake. Shaban alikuwa amegeuka kuchukua panga lake aende porini tena. Ni sekunde ngapi hizo? Mwanamina alisikia kitu kinatafunwa. Akageuka. Zaitun alikuwa amechuchumaa kando ya bibi yake, mashavu yamejaa, midomo imekuwa ya rangi ya waridi, anatafuna haraka haraka, macho kayatoa kwa mama yake kwa sababu anajua ataambiwa aache.

Kofi lilitoka lenyewe. Punje zikaruka mchangani. Mwanamina alimkamata mtoto taya, akamtia kidole kinywani, akazikwangua kutoka kwenye fizi, chini ya ulimi, huku mtoto analia na kukabwa, na Shaban amepiga magoti anamimina maji ya mtungi kwa kikombe.

"Tema!" Mwanamina alikuwa anapiga kelele, na mahema yote yalikuwa yanasikia. "Sukutua, tema! Tena! Tema tena, mwanangu. Hicho si chakula. Hicho ni msaada."